Baba yao hataki chanjo wala daktari wa meno. Niwapeleke kwa siri?

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa nikikusoma kimya kimya kwa muda mrefu, sikujua kama iko siku nitakuandikia mimi. Naomba unisaidie, na naomba usinifokee, maana mwenyewe nimeshajifokea vya kutosha.

Nina watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 5. Mdogo ni wa kike, ana miezi 14.

Yule mkubwa tulikuwa tunampeleka kliniki bila kukosa tangu alipozaliwa. Alipofika miezi 9 akachomwa ya surua. Siku ile hakusumbua. Ilikuwa kama siku ya 9 baada ya hapo, usiku, akashikwa na homa kali, na kabla hatujajua tumfanyeje akaanza kukakamaa. Macho yakageuka juu, mate yakawa yanamtoka, mikono inarukaruka. Mume wangu ndiye aliyekuwa amempakata. Mimi nilikuwa nahangaika kutafuta kitambaa cha maji, namsikia tu akimwita mtoto kwa jina, anamwita, mtoto haitiki. Labda zilikuwa dakika 2. Kwetu hazikwisha.

Tulipofika hospitali alikuwa ameshazinduka. Mume wangu akauliza kama ni ile sindano. Aliyetuhudumia hakumtazama hata usoni. Akasema, "Chanjo haileti degedege, acheni maneno ya mitaani." Njia nzima ya kurudi mume wangu hakusema neno. Asubuhi akaichukua kadi ya kliniki, akaiweka juu ya kabati, akasema watoto wake hawachomwi tena. Nami nilikubali, Shangazi. Hilo ndilo linaloniuma. Sikubishana, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeyaona yale macho.

Mdogo alipata zile za siku ya kuzaliwa tu. Tangu hapo hajapata hata moja.

Sasa limekuja la meno. Wahudumu wa afya walifika shuleni kukagua watoto, mkubwa akarudi na karatasi: magego 2 ya chini yametoboka, apelekwe kwa daktari wa meno. Baba akasema hayo ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe na mengine yataota, ya nini kumtesa mtoto. Halafu akasikia kwenye simu kwamba dawa ya meno ina floraidi na floraidi ni sumu ya ubongo, akaitupa. Siku hizi wanapiga mswaki kwa maji matupu.

Mtoto anatafuna upande mmoja. Wiki ya 2 sasa anaamka usiku. Juzi nilimkuta amelala kifudifudi sakafuni, shavu la kushoto amelikandamiza kwenye saruji. Nikamuuliza anafanya nini huko chini, akaniambia, "Hapa pana baridi mama, panapoza." Nikamulika mdomoni kwa tochi ya simu. Kwenye ufizi, chini ya gego, kuna kama kipele chenye kichwa cheupe.

Mume wangu si mtu mbaya. Hajawahi kuninyanyulia mkono, na jioni ndiye anayewaogesha wanawe. Ila ukiigusa habari hii anakuwa mtu mwingine. Anasema, "Wenzao wamechanjwa, ugonjwa utatoka wapi?" Ananisikilizisha sauti za watu wanaosema chanjo ya surua inaleta usonji.

Mwezi ujao anasafiri kikazi wiki moja. Nimepanga akiondoka tu niwapeleke wote wawili, mdogo achomwe zote zilizompita, mkubwa atibiwe jino, na baba akirudi nisiseme kitu. Dada yangu ananiunga mkono. Nifanye hivyo?

Mama wa wawili

*

Marahaba mwanangu.

Sikufokei. Ila naomba tuanze na kitu kimoja ambacho hakiwezi kusubiri mwezi ujao, wala wiki ijayo. Ni kile kipele cheupe.

Nimekuwa muuguzi wa watoto miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua, na ulivyokieleza sina haja ya kubahatisha sana. Mtoto mwenye gego lililotoboka, anayeamka usiku kwa maumivu, akiota kipele cha namna hiyo kwenye ufizi, mara nyingi huwa ni usaha unaotafuta pa kutokea. Jino limeoza mpaka ndani kwenye kiini chenye mishipa, vijidudu vimeshuka hadi mzizini, na sasa viko kwenye mfupa wa taya. Kipele kinaweza kupasuka, maumivu yakapungua siku 2 au 3, nanyi mkadhani amepona. Hajapona. Na vidonge pekee havimalizi kazi: vitatuliza, lakini chanzo kimo ndani ya jino, na jino lisipotibiwa au kung'olewa usaha utarudi.

Mpeleke wiki hii. Na ukiona shavu limevimba, au uvimbe unapanda kuelekea jichoni au kushuka chini ya kidevu, au ana homa, au anashindwa kumeza au kufungua mdomo, hapo usingoje pakuche. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, baba akubali asikubali.

Lakini kabla hujaenda nataka ufanye jambo moja. Leo jioni, akishamaliza kuwaogesha, mpe mume wako ile tochi. Usimwambie "jino limeoza", wala usimtajie karatasi ya shule. Mwambie, "Baba, hebu mwangalie mwanao hapa." Mwache ashike tochi mwenyewe, auone ule usaha kwa macho yake, halafu mweleze habari ya shavu na saruji kama ulivyonieleza mimi. Mtu anayemwogesha mtoto wake kila jioni hawezi kuliona lile akabaki anazungumzia meno ya utoto.

Akisema yatang'oka yenyewe, ni kweli, yatang'oka. Swali ni lini. Meno ya utoto ni 20. Yale ya mbele huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, na pengine hilo ndilo analolikumbuka yeye. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 9, mengine 12. Wenu ana 5. Maana yake ni miaka 4 mpaka 7 ya kutafunia upande mmoja na kulala sakafuni. Na chini ya kila gego la utoto kuna jino la ukubwani linalojengwa muda huu, halionekani, limekaa katikati ya mizizi ile ile iliyozungukwa na usaha. Nimeona meno ya ukubwani yakichomoza yakiwa na madoa na mabonde kwa sababu hiyo. Tena gego la utoto likiondoka mapema mno, majirani zake husogea kuliziba pengo, na jino jipya likija halina pa kupita. Ndiyo maana daktari akilazimika kuling'oa, muulize kama atahitaji kuwekewa kifaa cha kutunza nafasi.

Na liko jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Karibu mwanao atimize miaka 6, litachomoza gego jipya nyuma kabisa, mwisho wa safu. Halitanguliwi na jino lolote kung'oka, kwa hiyo hakuna anayeliona likija, na anayeliona hudhani ni la utoto. Si la utoto. Hilo ndilo atakalokufa nalo uzeeni, Mungu akipenda, na linachomoza kwenye kinywa ambacho tayari kina meno mabovu na hakina dawa ya meno.

Mwandae baba kwa yatakayofanyika, asishtukizwe. Jino lenye usaha hutibiwa kwa kusafishwa ndani na kuzibwa, au hung'olewa, na vyote viwili vinahitaji sindano ya ganzi. Mwambie mapema kwamba kutakuwa na sindano, kwa sababu yeye neno hilo linamrudisha mbali. Yale yenye vitundu vidogo huenda yasihitaji hata mashine: ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, daktari huipaka juu ya tundu kwa brashi ndogo, na uozo husimama. Sehemu iliyooza hugeuka nyeusi, hiyo mjue kabisa kabla. Lakini mtoto hasikii maumivu. Na wa miezi 14 naye ana meno. Mnyanyue mdomo wa juu utazame karibu na ufizi. Ukiona mstari mweupe kama chaki, hapo uozo ndiyo unaanza, na katika hatua hiyo bado unaweza kurudishwa nyuma bila kutoboa chochote.

Unarudishwa na floraidi. Vijidudu vya mdomoni vikila sukari hutoa tindikali, tindikali huyeyusha madini ya jino, na floraidi husaidia madini hayo yarudi na kushika vizuri zaidi ya mwanzo. Mswaki na maji huondoa uchafu, lakini kazi hiyo haviwezi. Ila mume wako hajaota ndoto, mwanangu, naomba usimcheke. Floraidi ikizidi ina madhara. Zipo sehemu duniani ambako maji ya ardhini yana floraidi nyingi kiasili, na watoto wanaoyanywa meno yao hutoka na madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hata mifupa huumia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Faida yake nayo ilianza kujulikana kupitia madoa hayo hayo: mwanzoni mwa karne iliyopita daktari wa meno Frederick McKay, huko Colorado, Marekani, alishangaa kuona wagonjwa wake wenye meno ya kahawia hawaozi meno kama wengine. Mwaka 1931 ndipo ikajulikana kuwa ni floraidi iliyomo kwenye maji. Kwa hiyo jambo ni kiasi. Kwa binti yako ni kipande kama punje ya mchele, kwa kaka yake kama punje moja ya njegere, mara 2 kwa siku, na mmoja wenu asimamie ili mtoto ateme badala ya kumeza. Tangu mwaka 2021 dawa ya meno yenye floraidi imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Sumu ya ubongo isingewekwa humo.

Sasa tuje kwenye sindano, ambako ndiko penye kidonda chenu.

Nimeisoma mara 3 ile sehemu ya hospitali. Aliyewaambia chanjo haileti degedege alikosea, na alikosea vibaya, kwa sababu mume wako alikuwa ameuliza swali la haki na alistahili jibu. Jibu ni hili. Chanjo ya surua ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Hakifanyi kazi siku ile ile. Huchukua wiki hivi kuzaliana kidogo kidogo mpaka mwili ukakitambua na kuanza kupigana nacho. Ndiyo maana homa yake, kwa wanaoipata, huja kati ya siku ya 7 na ya 12. Ninyi ilikuwa siku ya 9. Na homa yoyote, iwe ya chanjo, ya mafua, ya malaria au ya sikio, inaweza kumletea degedege mtoto mwenye mwelekeo huo. Kati ya watoto 100 wenye umri wa miezi 6 mpaka miaka 5, wawili mpaka watano hupata degedege la homa angalau mara moja. Inayotokana na chanjo ya surua ni kama mtoto mmoja zaidi katika kila dozi 3,000 au 4,000.

Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba mume wako alisema kweli na yule mhudumu ndiye aliyekosea. Nataka umwambie hivyo. Umwambie kwa maneno hayo hayo: "Ulikuwa sahihi kuuliza. Inawezekana ilikuwa ile homa ya chanjo." Mwanangu, huyu mtu amebeba jambo hili miaka 4 peke yake, na kila anapofungua mdomo anaambiwa ni maneno ya mitaani. Wale wa kwenye simu ndio pekee waliomwambia, "Tunakuamini." Unadhani angemsikiliza nani?

Ukishamwambia hilo, mwambie na nusu ya pili ambayo hakuna aliyewaambia. Degedege fupi la homa, la dakika 2 kama lenu, linatisha kuliko linavyodhuru. Haliharibu ubongo, na watoto karibu wote huachana nalo wakishavuka miaka 5 au 6. Mwanao wa kiume mwenyewe ni ushahidi, anakwenda shule na amekupa jibu la maana sana kuhusu ubaridi wa saruji. Surua yenyewe, kwa upande mwingine, huja na homa inayofika nyuzi 40, hivyo anayeogopa degedege ana sababu kubwa zaidi ya kuiogopa surua kuliko sindano yake. Na haiishii hapo. Huleta nimonia, hutoboa masikio, hupofusha watoto, na kama mgonjwa mmoja katika 1,000 huvimba ubongo. Anayepona hupoteza sehemu ya kumbukumbu ya kinga aliyokuwa nayo dhidi ya maradhi mengine, kwa hiyo huugua hovyo hata miaka 2 au 3 baadaye. Kabla chanjo haijaanza mwaka 1963, surua ilikuwa ikiua watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2.6 kila mwaka, wengi wao watoto.

Nikirudi kwenye mpango wako, sikuungi mkono, na dada yako anisamehe. Hebu hesabu siku. Mume anaondoka, kesho yake binti anachomwa. Baada ya wiki baba anarudi. Homa ya surua inakuja lini? Kati ya siku ya 7 na ya 12. Yaani binti akipata homa ataipata baba akiwa ameshaingia ndani, na huyu ana ndugu aliyewahi kupata degedege, jambo linaloongeza kidogo uwezekano kwake pia. Mara nyingi halitatokea lolote. Lakini likitokea, baba atampakata mtoto wa pili akiwa amekakamaa, hajui kilichotangulia, nawe unajua. Utamwambia saa ile? Ukimwambia, hutamsogeza tena karibu na kliniki maisha yako yote, na hatakuamini wewe wala muuguzi yeyote. Usipomwambia, daktari wa zamu atakosa habari anayoihitaji ili kumtibu mtoto vizuri.

Nimewahi kumwona mama wa namna hiyo. Kadi ya kliniki alikuwa akiificha ndani ya foronya. Mtoto alishikwa na homa, baba yuko sebuleni, na yeye akawa anamminyia mtoto maji ya baridi chumbani huku mlango umefungwa, akiogopa kutoka. Mtoto alipona, alhamdulillahi. Lakini alikuja kuniambia kwamba usiku ule alikuwa peke yake kuliko usiku wowote maishani mwake, na mume alikuwa hatua 10 tu kutoka alipo. Sitaki yakukute. Zaidi ya hapo mwanao ana miaka 5, na watoto wa miaka 5 husema kila kitu.

Kwa hiyo ongea naye kabla hajasafiri. Na usiongee nyumbani pekee. Mwombe mwende wote wawili kliniki siku ambayo hakuna anayechomwa. Mwambie siku hiyo ni ya kuuliza tu. Mwombeni muuguzi mkuu nafasi ya kukaa chini, mumueleze degedege lile tangu mwanzo: siku ya ngapi, dakika ngapi, alizindukaje. Muulize, "Huyu mdogo tukimchanja, tumwangalie vipi siku ya 7 mpaka ya 12?" Muuguzi mwenye akili atafurahi. Akiwa kama yule wa kwanza, ombeni mwingine. Nanyi mjue la kufanya likitokea: mlaze mtoto kwa ubavu, msimtie kitu chochote mdomoni, msimkandamize, tazameni saa, na zikipita dakika 5 hajatulia mkimbizeni hospitali. Baba akijua hivi, usiku wa homa atakuwa na kazi ya kufanya. Mara ile alikuwa na jina la mtoto tu.

Kuhusu usonji, mwambie ulikotoka uvumi huo, maana una mwenyewe. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha katika jarida la Lancet andiko lililohusu watoto 12. Uchunguzi uliofuata ulionyesha hakuwa mwaminifu katika kazi ile. Mwaka 2010 jarida likalifuta, na mwaka huo huo naye akafutwa kwenye daftari la madaktari. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya watoto 657,461 waliofuatiliwa kwa miaka: waliochanjwa hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Kinachowachanganya wazazi ni kwamba dalili za usonji huanza kuonekana kwenye umri ule ule wa chanjo za mwaka wa pili. Mzazi anayetafuta sababu ataikuta sindano iko jirani. Siwalaumu.

Na lile la "wenzao wamechanjwa". Kuna ugonjwa ambao hoja hiyo haiugusi kabisa, nao ni pepopunda. Hauambukizwi na mtu, uko kwenye udongo. Darasa zima linaweza kuwa limechanjwa, mwanao akachomwa na msumari akaupata peke yake. Kwa surua hoja ina ukweli kidogo, lakini ni ukweli mwembamba sana: mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 mpaka 18 wasio na kinga, na kirusi chake hubaki hewani mpaka saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Ili kisipate njia inabidi watu 95 katika 100 wawe na kinga. Mashuleni penye familia 6 au 7 zenye wazo kama la mume wako katika kila 100, mlango uko wazi. Na anayeanza kuingiliwa ni mdogo kama wako, miezi 14, kinga ya mama imeshamwishia.

Kama atavumilia kusikia habari ya mwanamume mwenzake, msimulie ya Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia. Mwaka 1977 wachanjaji wa ndui walipita kwake, naye akakwepa kwa sababu aliogopa sindano inauma. Akaugua. Ndiye mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa ule kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 ndui ikatangazwa kutokomezwa. Alipona. Baadaye akafanya kazi ya kuzunguka kuwashawishi wazazi wachanje watoto wao dhidi ya polio, akiwaeleza wazi kwamba yeye aliogopa na kilichompata. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Kwa hiyo mume wako si wa kwanza kuogopa, na huyo hakuona haya kulisema.

Akikubali, msingoje safari. Chanjo zilizompita binti hazianzwi upya, mnaendelea pale mlipoishia, na kadhaa zinaweza kutolewa siku moja. Chache zina ukomo wa umri, muuguzi atawaambia. Na mkubwa naye anadaiwa dozi ya pili ya surua. Degedege la zamani halimzuii, ila lisemwe kabla. Dozi ya pili mara chache sana huleta homa kama ya kwanza.

Na akikataa baada ya yote hayo? Hapo nitakuambia kitu kigumu kidogo. Wewe pia ni mzazi. Mwambie mapema, bila ukali: "Alhamisi nampeleka binti kuchanjwa. Nataka twende wote. Usipokuja nitakwenda." Halafu nenda. Ugomvi utakuwepo, lakini atakuwa anajua, na siku ya 9 mtakuwa wawili mnaotazama saa. Umesema hajawahi kukunyanyulia mkono. Kama hilo si kweli kamili, usiende kwenye mazungumzo haya peke yako; mchukue mtu mzima anayemheshimu, kisha niandikie tena kwa njia ya faragha.

Hatia uliyonayo kwa kukubali asubuhi ile, mpe na yeye aione. Usimfiche ukajifanya ulikuwa upande wa kliniki siku zote. Mwambie, "Na mimi niliogopa. Tuliogopa wote." Iondoeni ile kadi juu ya kabati, mkung'ute vumbi, na nyuma yake andikeni kwa kalamu tarehe ya lile degedege, siku ya ngapi baada ya chanjo, na lilichukua muda gani, ili kila muuguzi atakayeishika asome kabla hajafungua sindano.

Jino ni wiki hii. Na binti akishachomwa, hesabu siku, uniandikie ya 13.

Shangazi